Chanjo ya nimonia ni bei ya chipsi na kuku, ila bili yake inakuja kwetu

Desemba nilienda ushago Itumbe, kule Kisii, kama tunavyofanya sisi wote wa mjini: begi moja la nguo, kilo mbili za mchele wa shoo, na mfuko hauna kitu. Asubuhi ya pili nikiwa nimekaa nje naota jua, binamu yangu, bintiye mamangu mdogo, akashuka kwenye boda akiwa na mtoto mgongoni na sura ya mtu aliyechokozwa.

“Nimeambiwa PCV imeisha. Nirudi Jumatano.”

Mtoto alikuwa amefikisha wiki kumi na nne, na hiyo ndiyo ilikuwa dozi ya tatu, ya mwisho. Boda ni mia kwenda na mia kurudi. Tena ilikuwa siku ya kuchuma, na yeye hulipwa kwa kilo za majani anazopeleka, kwa hivyo asubuhi ikipotea ni pesa imepotea. Na hii ilikuwa mara ya pili kuambiwa arudi.

Akaketi, akafungua kanga, akanitazama mimi niliyesoma (kidogo). “Sasa ndugu, si zingine amedungwa zote? Hii moja ikikosa kuna shida gani kweli?”

Nilimjibu kitu cha haraka haraka ambacho hata mimi mwenyewe sikukiamini. Niliporudi Nairobi swali likanikalia kichwani, nikaanza kusoma. Nikiri mapema kwamba niliacha chuo mwaka wa pili na somo la takwimu lilikuwa sababu mojawapo, kwa hivyo hizi hesabu nimezipitia polepole, na kikokotoo cha simu mkononi.

Tuanze na hiyo sindano yenyewe. Ukifungua kijitabu cha kliniki cha mtoto yeyote wa Kenya utaona PCV mara tatu: wiki ya sita, ya kumi na ya kumi na nne. Hudungwa paja la kulia, ile ya pentavalenti inaenda la kushoto. PCV inakinga dhidi ya bakteria inayoitwa nyumokokasi. Huyu mdudu anaishi puani mwa watu wengi, hasa watoto, bila kuwafanya lolote. Siku akiteremka mapafuni ni nimonia. Akiingia kwenye damu au kwenye utando wa ubongo, hapo mambo ni mabaya zaidi, na mtoto akipona anaweza kubaki na uziwi au ulemavu.

Wazee wetu kule milimani husema mtoto “ameshikwa na kifua” au “amepigwa na baridi.” Siwacheki. Itumbe ni baridi kweli, mvua hainyeshi kwa ratiba, na jikoni la kuni lisilo na dirisha huumiza mapafu ya mtoto, hilo halina ubishi. Lakini baridi haiui mtoto peke yake. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, nimonia iliua watoto 740,180 wa chini ya miaka mitano duniani mwaka 2019 pekee, asilimia 14 ya vifo vyote vya umri huo. Malaria tunaiogopa na neti tunazo. Nimonia tunaiita homa.

Nyumbani kwa mamangu mdogo wanaijua. Mwaka 2009 kaka mkubwa wa binamu yangu alikuwa na miezi saba alipoanza kuhema kama mtu aliyekimbia mlima. Usiku wa kwanza walimpaka mafuta kifuani. Usiku wa pili mbavu zikawa zinaingia ndani kila akivuta pumzi, na midomo ikabadilika rangi. Walikodi gari la jirani hadi hospitali mjini Kisii, akawekwa oksijeni, wakakaa siku tisa. Mamangu mdogo hakuchuma majani siku hizo zote. Baba wa mtoto alikuwa akienda na kurudi, kila safari nauli. Bili ilipofika waliuza ndama. Kijana alipona, na leo ana sauti nzito na viatu namba kumi. Ila ndama yule alikuwa jike, na ukiwa mtu wa Kisii unajua kwamba ndama jike akiuzwa hauzi ndama mmoja, unauza maziwa ya miaka kumi.

Nimekaa sana kwenye hiyo hadithi kwa sababu ya mwaka wake. Watoto wa Marekani walianza kuchanjwa PCV mwaka 2000. Kenya ilianza mwaka 2011, Rais Mwai Kibaki akiizindua Nairobi mwezi Februari. Miaka kumi na moja katikati. Chanjo ilikuwepo duniani, ila haikuwepo kwenye friji la zahanati yetu, kwa sababu ya bei.

Iliwezaje kufika hatimaye? Kuna mpango uliofungwa mwaka 2009. Italia, Uingereza, Kanada, Urusi, Norway na Wakfu wa Gates waliahidi Dola 1.5 bilioni, wakawaambia watengenezaji: tengenezeni chanjo nyingi, muuzie nchi maskini kwa bei isiyopita Dola 3.50 kwa dozi, sisi tutawahakikishia soko. Gavi, lile shirika la kimataifa la chanjo, likawa ndilo linalolipia sehemu kubwa, na serikali yetu ikichangia. Baadaye Taasisi ya Serum ya India ikatengeneza yake, Pneumosil, Shirika la Afya Duniani likaiidhinisha Desemba 2019, na bei kwa nchi kama zetu ikashuka hadi takriban Dola 2. Hizo ni kama Sh260. Chipsi na kuku, tena bila soda. Kwa Marekani dozi moja ya chanjo ya aina hii huuzwa zaidi ya Dola 100.

Sawa, ni rahisi. Inafanya kazi lakini? Maana kitu cha bei rahisi kisichofanya kazi ni hasara tu.

Hapa tuna bahati ambayo nchi nyingi za Afrika hazina. Kilifi, pale pwani, kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome Trust ambacho kwa miaka mingi kimekuwa kikifuatilia wakazi wa eneo zima: nani amezaliwa, nani amelazwa hospitali ya kaunti, na amelazwa kwa ugonjwa gani. Kwa hivyo walijua hali ilivyokuwa kabla ya 2011 na ilivyokuwa baada. Matokeo yalichapishwa kwenye jarida la Lancet mwaka 2019. Kabla ya chanjo, maambukizi makali ya zile aina za nyumokokasi zinazokingwa na chanjo yalikuwa 60.8 kwa kila watoto 100,000 wa chini ya miaka mitano kwa mwaka. Baadaye yakawa 3.2. Upungufu wa asilimia 92. Utafiti mwenzake ukaangalia picha za eksirei za watoto waliolazwa: nimonia inayoonekana kwenye eksirei ilipungua kwa asilimia 48.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba ugonjwa ulipungua hata kwa watu ambao hawakudungwa. Watoto wachanga wa chini ya miezi miwili, ambao bado hawajafika zamu ya sindano. Watu wazima pia. Mtoto aliyechanjwa hubeba yale maambukizi puani mara chache zaidi, kwa hivyo si rahisi amwambukize nyanyake. Magokoro pale Itumbe anapombusu mjukuu, naye amechanjwa kidogo, bila kujua na bila kupanda boda.

Nisiwapake mafuta kwa mgongo wa chupa. Kilifi waliwachanja pia watoto wakubwa hadi miaka mitano pale mwanzo, kwa hivyo matokeo yao yalikuja mbio kuliko kwingine nchini. Na PCV haizuii nimonia yote. Kuna nimonia ya virusi, kuna bakteria wengine, na nyumokokasi yenyewe ina aina karibu 100 wakati chanjo tuliyoanza nayo ilikuwa na aina kumi tu. Mtoto aliyemaliza dozi zote anaweza bado kuugua. Ila nafasi ya kufika pale alipofika kaka ya binamu yangu inapungua sana.

Sasa pesa, maana ndiyo mada. Mwaka huo huo wa 2019 wanasayansi, akiwemo Mkenya John Ojal, walifanya hesabu ambayo kila mbunge angefaa kuibandika mlangoni. Waliuliza: Gavi wakipunguza mkono, Kenya iendelee na PCV au iache? Wakaangalia kuanzia 2022 hadi 2032. Jibu: kuendelea kutazuia wagonjwa 101,513 na vifo 14,329. Gharama ya ziada ya kuendelea, ukilinganisha na kuacha, ni takriban Dola 15.8 milioni kwa mwaka. Kila mwaka mmoja wa maisha yenye afya unaookolewa unagharimu kama Dola 153, chini kidogo ya Sh20,000.

Niliigawanya kienyeji. Vifo 14,329 kwa miaka kumi na moja ni zaidi ya 1,300 kwa mwaka, yaani watatu au wanne kila siku. Dola 15.8 milioni ni kama Sh2 bilioni. Tulihesabiwa watu milioni 47.6 kwenye sensa ya 2019, kwa hivyo ni kama Sh43 kwa kila mtu kwa mwaka mzima. Mandazi manne na chenji. Na kumbuka wao walipiga hesabu kwa bei ya wakati huo, kabla ya ile chanjo ya India kuidhinishwa.

Sh20,000 kwa mwaka mzima wa maisha ya mtu. Kuna simu zimo humu mjini zinauzwa mara tano ya hiyo na mwakani zitakuwa zimepasuka kioo.

Kwa hivyo mtu akiniuliza kama PCV ina thamani ya pesa yake, sioni mjadala uko wapi. Mjadala ni nani anashika bili. Kenya haihesabiwi tena kuwa maskini kabisa. Tumeingia kwenye kundi la nchi zinazoachishwa ziwa na Gavi, mchango wetu unapanda kila mwaka, na kufikia mwisho wa muongo huu tunatarajiwa kujilipia wenyewe kila kitu. Hata wanaotulipia wameanza kukaukiwa. Juni 2025 Marekani ilitangaza kuacha kuichangia Gavi. Kwenye mkutano wa Brussels mwezi huo huo, Gavi ilikuwa inatafuta Dola 11.9 bilioni ikapata ahadi za zaidi kidogo ya 9.

Na sisi tunajilipia vipi tukiachiwa? Mfano upo, na ni wa majuzi. Mwaka huo huo wa 2025 kina mama walizunguka na watoto wachanga wakitafuta chanjo ya BCG na ya matone ya polio, hazipo, hadi Wizara ya Afya ikalazimika kujitokeza kueleza. Watu wengi hawakugundua jambo moja: BCG na matone ya polio ni zile chanjo za zamani ambazo serikali huzinunua kwa pesa yake, bila Gavi. Ni za bei ya chini kuliko PCV, tena kwa mbali. Sasa kama za bei ndogo zinatushinda kununua kwa wakati, hii ya chipsi na kuku tutaifanyaje siku ikiwa yetu peke yetu?

Hilo ndilo linaloniogopesha. Siogopi kwamba siku moja waziri atasimama na kutangaza kwamba PCV imefutwa. Hakuna mwanasiasa atafanya hivyo. Chanjo hufa kimyakimya. Malipo yanachelewa miezi mitatu, meli inachelewa, stoo ya kaunti inagawa nusu nusu, na sista wa zahanati anamwambia mama “rudi Jumatano.” Simlaumu huyo sista. Yeye ndiye anatukanwa kwa kosa la mtu ambaye hata hajui njia ya Itumbe.

Najua kuna wenye kusema hiyo Sh2 bilioni ingenunua mitungi ya oksijeni au kuajiri wauguzi. Tunahitaji vyote viwili, sikatai. Lakini oksijeni inamsaidia mtoto ambaye ameshafika hospitali, na kule kwetu kufika ndiko kazi. Mvua ikinyesha usiku, boda haipandi ile barabara ya udongo. Halafu mfuko wa bima ya afya wa SHA, ukiulipia mchango wako, unaweza kufunika kitanda. Haufuniki nauli, chakula cha anayemlinda mgonjwa, wala majani yaliyokomaa shambani bila kuchumwa.

Na wengine ni wale wa kwenye simu. Julai 2025 serikali ilipofanya kampeni ya chanjo ya homa ya matumbo na ya surua na rubela, nilipokea ujumbe ule ule kwenye vikundi vitano tofauti: ati Wazungu wanatujaribia dawa. Kwa PCV hiyo hoja inachekesha, maana watoto wao wenyewe walidungwa miaka kumi na moja kabla ya wetu. Tungelalamika kwa kucheleweshewa, ningeelewa.

Kuna habari moja njema ambayo haikupigiwa kelele. Mwaka 2024 matokeo ya utafiti uliofanywa hapa Kenya kwa watoto 2,100 yalichapishwa kwenye jarida la New England. Waliuliza swali la mtu mwenye bajeti: je, tukipunguza kipimo? Wakaona kwamba kwa chanjo moja ya aina kumi na tatu, asilimia 40 ya dozi, ikitolewa mara mbili na ya tatu ya kuongezea nguvu baadaye, ilijenga kinga isiyopungukiwa na ya dozi kamili. Asilimia 20 haikutosha, na chanjo ile nyingine ya aina kumi haikufaulu kwa kipimo kidogo. Sio ruhusa ya zahanati kuanza kugawanya sindano kesho. Ila ni hesabu ya watu wanaojua bili inakuja.

Turudi kwa binamu yangu, kwa sababu zile hesabu za Lancet haziko kwenye mkoba wake. Serikali ikisema chanjo ni bure, yeye alishalipa mia mbili mara mbili, na asubuhi mbili za majani chai. Dozi yenyewe ni Sh260. Yaani kuisaka kulikuwa kumemgharimu kuliko ambavyo ingemgharimu kuinunua. Akirudi mara ya tatu na kuambiwa Jumatano nyingine, atakoma, na kwenye rekodi ataandikwa mama aliyepuuza kliniki. Hatukosi watu wa kupiga simu. Tangu 2023 tuna wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 nchini wenye simu za kazi. Zahanati ikiishiwa, mhudumu wa kijiji angetuma ujumbe mmoja: leo msije, imeisha, njooni siku fulani. Inagharimu nini hiyo? Bando ya shilingi ishirini.

Sasa wewe unayesoma hapa ukiwa Umoja, Kahawa au Nyali, huna mtoto na huna mpango, unauliza hii inakuhusu wapi. Tulienda barabarani Juni 2024 kwa sababu ya Mswada wa Fedha. Tulijifunza kusoma mswada kifungu kwa kifungu, na kuna wenzetu hawakurudi nyumbani. Upande wa pili wa ile karatasi, ule wa matumizi, tumeuacha. Kila mwaka Hazina ya Kitaifa hupeleka taarifa ya sera ya bajeti bungeni kufikia Februari 15, na makadirio ya matumizi kufikia Aprili 30. Ziko mtandaoni, ni nyaraka za umma. Tafuta chanjo. Angalia zimetengewa ngapi na mwaka uliopita zilipewa ngapi kati ya zilizoahidiwa, kisha umuulize mbunge wako kwa jina, hadharani, kama tulivyokuwa tunawauliza kuhusu ushuru wa mkate. Swali la kumuuliza ni moja tu: pesa ya chanjo imefungiwa mahali ambapo haiwezi kuhamishwa, au ni ile ya kukatwa wa kwanza mambo yakiwa magumu?

Jumatano binamu yangu alirudi. Nilimtumia nauli, ingawa alijifanya hataki. Jioni akanitumia picha ya ukurasa wa kijitabu: PCV ya tatu, tarehe na sahihi, siku tisa baada ya siku iliyoandikwa. Chini ya picha akaandika kwamba mtoto amelia sana, paja limevimba kidogo, na kwamba kulikuwa na kina mama wengine sita kwenye foleni walioambiwa dozi ni nne.